Orodha ya Jana

Tangu vita vianze, Spès alikuwa amejifunza kutega sikio kabla ya kufanya jambo lolote. Asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani kwao Kamenge, alisimama nyuma ya mlango, mama yake akiwa amenyamaza kitandani, mpaka aridhike kwamba milio ya bunduki vilimani bado iko mbali. Ikiwa mbali, alivaa viatu akaenda kazini. Ikiwa karibu alikwenda vilevile, lakini siku hiyo aliomba ruhusa ya kurudi mapema. Mama yake aliumia nyonga mwaka wa tisini na tano walipokimbia mtaa, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo hakuweza kukimbia bila mtu wa kumshika.

Kazi yake ilikuwa kwenye shirika moja lililopeleka chakula na dawa mikoani kwa malori. Ofisi zilikuwa ghorofani, karibu na bandari ya ziwani, na ng'ambo ya ua kulikuwa na hangari la kupakilia. Aliajiriwa kama mpiga chapa. Kompyuta zilipokuja, alikuja nazo fundi mmoja kutoka nje, akamfundisha Spès siku tatu. Siku ya nne guruneti lililipuka kwenye barabara ya hoteli yake, na siku ya tano akapanda ndege. Aliacha kitabu kinene cha Kifaransa chenye madoa ya kahawa. Spès alikisoma ukurasa kwa ukurasa, na kufika mwaka wa 2002 hapakuwa na mtu mwingine pale aliyejua kwa nini kompyuta inakataa, wala kwa nini imekubali.

Roho ya shirika lile ilikuwa karatasi moja. Kila alasiri Ildephonse, mkuu wa usafirishaji, alikaa na redio yake akiuliza habari za barabara: nani amepita, nani amerudishwa, wapi pamesikika risasi. Ikikaribia saa kumi na mbili jioni aliandika orodha ya kesho: lori gani, dereva nani, barabara ipi, saa ngapi, au lisiondoke kabisa. Alfajiri mzee Tajudini, mtu wa Buyenzi aliyekuwa na funguo za hangari kwa miaka kumi na mbili, aliitoa orodha ile kwenye printa na kuibandika mlangoni. Madereva waliisoma, wakawasha injini. Hakuna aliyeuliza mara mbili.

Zamani karatasi ilivushwa uani kwa mkono. Kisha jioni moja risasi iliyopotea njia ikapiga ukuta wa hangari, na Ildephonse akasema hataki mtu avuke ua saa hizo. Ndipo Spès alipotengeneza kazi ya saa. Aliiagiza kompyuta yake kwamba kila siku, saa kumi na mbili kamili, ichukue orodha ya Ildephonse na kuiweka kwenye folda ya kompyuta ya hangari. Folda ile ya mbali aliipa herufi moja, Z, ili isimsumbue kuandika jina refu kila mara. Aliijaribu wiki nzima mbele ya macho yake, haikukosea. Ildephonse alimpa mkono wa pongezi mbele ya watu, na Spès alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo hakuwa ameionja muda mrefu.

Miezi miwili baadaye, asubuhi moja, orodha iliyotoka kwenye printa ilikuwa ya siku iliyotangulia. Wapakiaji walicheka, Ildephonse akashuka na karatasi yake mwenyewe, mambo yakaisha. Wiki tatu zikapita, ikatokea tena. Safari hii walisema mzee Tajudini amezeeka, amebandika karatasi ya jana. Tajudini alikana, lakini kwa upole, kama mtu asiyetaka kubishana na mashine.

Mara ya tatu haikuchekesha mtu.

Ilikuwa Alhamisi. Jumatano, siku iliyotangulia, vilima vya juu ya Kamenge vilikuwa vimelia tangu mchana, na Spès alitoka saa kumi kwenda kumshika mama yake. Jioni ile Ildephonse alipata habari kwamba barabara ya Bugarama, ile inayopanda milimani, si salama, akaandika kwamba lori lolote lisipande. Alfajiri karatasi iliyokuwa mlangoni ilisema vingine: lori nambari saba, dereva Atumani, Bugarama, saa kumi na mbili asubuhi. Ilikuwa ya Jumatano. Jumatano lori la Atumani halikuwa limemaliza kupakiwa, kwa hiyo alipoona jina lake tena alidhani wamemsogezea safari. Aliondoka. Kwenye kona za juu lori lilimiminiwa risasi, likateketea. Atumani aliruka mtaroni akiwa na risasi mguuni, akalala humo mpaka saa saba mchana watu walipomwokota. Hospitalini wakamkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Spès alisikia habari akiwa kwenye ngazi. Alimjua Atumani, aliyemletea mama yake ndizi kila aliposhuka kutoka mikoa ya juu.

Mchana ule ule Pierre alianza kuuliza. Pierre alikuwa mkuu wa ulinzi wa shirika, askari wa zamani, mtu wa adabu nyingi. Hakupaza sauti hata siku moja, na hiyo ndiyo iliyofanya watu waogope kuitwa naye. Alianza na mzee Tajudini. Alimweka kwenye chumba kidogo cha langoni chenye dirisha la nondo, akampa mkeka na maji. Aliwaambia wengine kwamba Jumamosi saa sita mchana litakuja gari la watu wa usalama kumchukua, kwa sababu kubadilisha karatasi ya barabara wakati wa vita si uzembe, ni kazi ya adui. Wote walijua habari za gari kama hilo. Waliochukuliwa nalo, wengine walirudi baada ya miezi, wamekonda na hawataki kusimulia. Wengine wake zao walikuwa bado wanauliza walipo.

Ijumaa asubuhi akaitwa Spès.

Pierre alimkaribisha kiti. Mezani palikuwa na daftari la langoni, lile ambalo mlinzi aliandika saa za kuingia na kutoka, na kando yake tarehe tatu kwenye kipande cha karatasi. Aliligeuza daftari taratibu ili Spès asome mwenyewe.

"Siku tatu orodha ilikataa kufika," alisema. "Siku tatu hizo hizo, we ulitoka saa kumi. Siku zingine zote ulikuwapo, na orodha ilifika. Mi si mutu wa kompyuta, dada. Nieleze."

Spès aliangalia tarehe. Zilikuwa zake kweli. Alisema hajui.

"Unaishi Kamenge," Pierre alisema, na hakuongeza kitu. Hakuhitaji: waasi walisemekana kuwa na ndugu zao mtaani humo. Mwaka ule jina la mtaa peke yake lilikuwa swali, na mara nyingine lilikuwa jibu. Kisha akamwambia, kwa sauti ile ile aliyomkaribishia kiti, kwamba gari la kesho lina nafasi zaidi ya moja.

Spès alipanda ngazi. Alifunga mlango wa ofisi, akakaa mbele ya kompyuta. Alimfikiria mama yake. Gari likimchukua kesho, nani atamshika mkono wakati wa kukimbia? Majirani wana watoto wao. Aliona mlango wa nyumba yao ukiwa wazi na mama yake amekaa kitandani akingoja, na picha ile ikamfanya asimame kufungua dirisha.

Kisha akaanza kazi, maana hakuwa na kimbilio lingine.

Aliendesha kazi ya saa kwa mkono. Orodha ikafika hangari. Akairudia, ikafika. Aliirudia mara kumi, na kila ilipofanikiwa hofu ilizidi, kwa kuwa kila mafanikio yalikuwa ushahidi wa Pierre: Spès akiwapo, inafika. Alifungua kumbukumbu ambamo kompyuta huandika yenyewe kila ilichofanya. Siku zote ilikuwa imeandika kwamba kazi imeanza na kazi imekwisha. Kwenye siku zile tatu pia. Lakini mwishoni mwa mstari palikuwa na tarakimu ambayo hakuwahi kuijali. Siku nzuri ilikuwa sifuri. Siku zile tatu ilikuwa moja. Kitabu cha yule fundi kilisema moja maana yake amri ilitolewa, ila haikutimia.

Kwa hiyo kompyuta ilikuwa imejaribu. Hakuna aliyeizima wala kuibadilisha. Ilifika mahali ikakwama, Spès akiwa nje.

Alijiuliza yeye akiondoka anaondoka na nini. Mkoba, koti, funguo. Halafu akakumbuka amri ya Pierre mwenyewe, iliyobandikwa kila mlango: asitoke mtu bila kufunga sesheni yake, yaani bila kuiambia kompyuta kwamba ameondoka, ili mwingine asisome barua zake. Siku za kawaida Spès alingoja mpaka orodha ipite ndipo akafunga. Siku za milio alifunga saa kumi, akakimbia. Kitu kimoja tu hakuwa amekijaribu hata mara moja tangu atengeneze kazi ile, nacho ni kutokuwapo.

Aliongeza kwenye amri mstari wa kuiagiza kompyuta iandike kila inachokiona njiani. Akapanga kazi ianze baada ya dakika tano, akafunga sesheni, akatoka kusimama kwenye ngazi. Aliporudi na kufungua, maneno yalikuwa pale, machache: njia ya Z haipatikani.

Aliyasoma akaelewa yote kwa mara moja. Z haikuwa ya kompyuta. Ilikuwa yake. Ilizaliwa alipoingia kwa jina lake na neno lake la siri, na alipofunga ilikufa naye. Saa kumi na mbili kompyuta iliamka, ikabeba orodha, ikatafuta mlango ulioitwa Z, ikakuta ukuta. Na kule hangari karatasi ya jana ikabaki mahali pake, ikingoja kuchapwa. Tena ilikuwa hivyo siku zile tu ambazo milio ilikuwa karibu, yaani siku zile ambazo barabara zilikuwa mbaya kuliko zote.

Hakuna adui aliyebadilisha kitu. Aliyemtuma Atumani kwenye zile kona alikuwa yeye, kwa herufi moja aliyoichagua kwa uvivu wa kuandika jina refu.

Hapo ndipo hofu ilipobadilika sura. Mpaka dakika ile alikuwa akiogopa kwa jambo asilolifanya. Sasa lilikuwepo alilolifanya, na hakuna aliyelijua. Angeweza kulirekebisha kimya kimya. Angeweza kusema kebo ililegea, nani angembishia? Pierre alikwisha kumpata mtu wake. Mzee asiyejua hata kuwasha kompyuta bila kuambiwa angeingia kwenye gari, na yeye angekwenda nyumbani kwa mama yake. Spès hakuwa mtu mbaya, lakini wazo hilo lilikaa naye, na alikaa nalo, na hakulifukuza upesi.

Aliendelea na mikono huku moyo ukiwa mbali. Badala ya Z aliandika jina kamili la kompyuta ya hangari na la folda yake, ambalo haliendi popote mtu akitoka. Kisha akaitengenezea kazi ile jina lake yenyewe la kuingilia na neno lake la siri, ili isiazime tena jina la mtu. Alijaribu akiwa nje. Ikakataa tena. Jina jipya lilijulikana kwenye kompyuta ya ghorofani, lakini kompyuta ya hangari haikulijua, na mgeni haingizwi ndani kwa kubisha hodi tu. Ilibidi ashuke akaliandikishe kule.

Njia ya hangari ilipita langoni. Mzee Tajudini alikuwa amemaliza kuswali alasiri, bado amekaa juu ya mkeka. Alimwona Spès kupitia nondo, akamwita taratibu. Spès alisogea akitazama chini. Alijua ataulizwa.

"Mwanangu," mzee alisema, "ukipata mutu anaenda Buyenzi, waambie watu wa kwangu nimeshinda salama. Wasilete chakula hapa. Wasikuje kabisa."

Hakuuliza lolote kuhusu orodha. Spès aliitikia, akaenda hangarini, akaandikisha lile jina jipya, akalipa ruhusa ya kuandika kwenye folda. Vidole vilikosea neno la siri mara mbili. Alirudi juu, akapanga kazi, akafunga, akangoja. Orodha ikafika. Hakufurahi. Alikwenda moja kwa moja kwa Ildephonse, akamwomba amwite Pierre, kwa kuwa alijua akitangulia kukaa chini hatainuka tena.

Wote watatu walisimama mbele ya kompyuta. Spès aliwaonyesha kwanza kama ilivyokuwa zamani, na herufi Z. Akapanga kazi, akafunga sesheni, wakabaki wanatazama kisanduku cha kuulizia jina, dakika tano nzima. Wakashuka hangarini. Saa iliyoandikwa kando ya orodha ya kule haikuwa imebadilika. Wakapanda, akafungua sesheni, akapanga tena, wakashuka. Imefika.

"Ndiyo nilivyosema," Pierre alisema. "Ukiwapo inafika. Usipokuwapo, apana."

"Ndiyo," Spès alijibu. "Hii Z ni yangu, si ya mashini. Nikitoka natoka nayo. Mashini inabaki inatafuta mlango ambao haupo." Kisha akaweka amri mpya, akafunga, na safari hii alimwomba Pierre akae na funguo za ofisi mwenyewe. Walingoja uani. Orodha ikafika bila mtu.

Pierre aliuliza swali moja.

"Nani aliandika hii Z?"

"Ni mi. Mzee hajui kitu. Na hakuna mutu aliyeiba orodha. Nilikosea mi."

Ildephonse aligeuka akatazama ziwa. Pierre alitoa kalamu, akamwagiza Spès aandike yote na kutia sahihi kila ukurasa. Spès aliandika kurasa nne, akingoja wakati wowote kusikia mlio wa gari langoni. Alipomaliza Pierre alimwambia aende nyumbani, asitoke Kamenge, na Jumamosi saa tatu asubuhi awe amerudi.

Usingizi haukuja. Asubuhi alimwambia mama yake ukweli wote, akamwonyesha jirani wa kumshika mkono. Mama yake hakulia. Alimwambia avae sweta, maana vyumba vya kufungia watu vina baridi.

Gari lilikuja saa sita, kama lilivyoahidiwa. Pierre alizungumza na waliomo akiwa ameegemea dirisha, kurasa nne mkononi, na Spès akiangalia kutoka juu hakusikia neno hata moja. Yalikuwa mazungumzo marefu. Mmoja wao alishuka, akatazama juu dirishani, akarudi ndani. Kisha gari likaondoka bila kumchukua mtu. Kwa nini Pierre alifanya hivyo, Spès hakujua, na hakuthubutu kumwuliza hata miaka ilipopita. Tajudini alifunguliwa, akakunja mkeka, akauacha penye ukuta, akaenda kwao kwa miguu.

Ildephonse alitaka Spès aachishwe kazi, ila hapakuwa na mwingine wa kuziongoza zile mashine, kwa hiyo alibaki, watu wakipunguza salamu. Kitu cha kwanza alichofanya Jumatatu ni kuifanya kila orodha itoke na tarehe yake kwa herufi kubwa juu kabisa. Siku ya pili aliweka kizuizi: asubuhi kompyuta ikikuta moja badala ya sifuri kwenye kumbukumbu ya jana yake, isikubali kuchapa kitu. Mzee Tajudini alikaa mwezi mzima bila kumsemesha zaidi ya salamu. Halafu siku moja alimwomba amwonyeshe tarehe ilipo, tena na tena, mpaka akaijua hata bila miwani.

Kwa Atumani alikwenda wiki mbili baadaye, hospitalini. Mwavita, mke wa Atumani, alimpisha kitini bila kumjua. Spès alieleza yote, haraka, kwa maneno aliyoyakariri njiani. Atumani alisikiliza macho kwenye dari.

"Kwa hiyo karatasi ilikuwa ya jana," alisema mwishoni.

"Ilikuwa ya jana."

"Nilifurahi, unajua? Nilipoona jina langu. Nilisema, safari yangu haikupotea." Kisha akamwomba aende, na asirudi mpaka aitwe.

Aliitwa baada ya miezi mitano. Mwavita alikuja mwenyewe mpaka langoni mwa shirika, akaacha ujumbe kwa mlinzi kwamba Jumapili wako nyumbani. Spès alikwenda Buyenzi na kilo ya sukari. Atumani alikuwa amekaa barazani, fimbo mbili kando yake. Alimwonyesha mahali pa kukaa, akaanza kusimulia habari za ule mtaro, toka risasi ya kwanza mpaka sauti za watu waliomwokota. Alisimulia polepole, bila kuruka kitu, na kila Spès alipotaka kuomba msamaha alimwinulia mkono angoje kwanza. Chai ilipoa. Mwavita aliimwaga, akaleta nyingine, na Atumani akaendelea.